Kurudisha saa ya nyumbani: somo juu ya kurudi kutoka safari ya kazi



Katika kazi ya amani tunazungumza sana juu ya kuondoka: nani atasafiri, nani atalipa tiketi, semina itachukua siku ngapi. Juu ya kurudi tunazungumza kidogo tu. Tunafikiri kwamba mtu akishuka kwenye gari na kusalimia watu wake, basi safari imekwisha. Sisi pia tulifikiri hivyo. Katika somo hili tunataka kuwaeleza jinsi kikundi chetu cha watengenezaji wa programu za kompyuta kilivyorudi Bukavu kutoka Nairobi mwaka 2019, kosa tulilofanya katika siku zetu za kwanza nyumbani, na mtu ambaye jina lake lilikaribia kuharibika kwa sababu yetu.

Somo hili si la watu wa kompyuta peke yao. Mwalimu anayetoka kwenye semina, muuguzi, mama wa chama cha akiba, mjumbe wa kamati ya amani, kila mmoja anayesafiri kwa niaba ya wenzake atajiona ndani yake.

Kazi yetu kabla ya safari

Tulikuwa watu sita. Tulitunza programu iliyopokea ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa kamati za amani za vijiji katika Uwanda wa Ruzizi, kwenye njia ya Uvira. Watu wa uwanda huo wanalima muhogo, mahindi na mpunga, na wengine wanafuga ng'ombe. Wakati wa kiangazi majani yanakauka na wachungaji wanahamisha ng'ombe kutafuta malisho na maji. Mahindi yanaweza kuwa yamekwisha kuvunwa, lakini muhogo unakaa udongoni mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo hakuna mwezi ambao mashamba yote ni matupu. Ng'ombe wakiingia shambani usiku, asubuhi ugomvi unaweza kuwa umefika mbali.

Mjumbe wa kamati alipoona dalili ya ugomvi, aliandika ujumbe wa maneno machache: mahali, jambo, na hatari iliyopo. Hakuhitaji simu ya bei kubwa wala intaneti. Kompyuta yetu iliupokea ujumbe huo, ikaandika saa ulipofika, kisha ikawapelekea wenye uwezo wa kutuliza: wazee wa pande zote mbili, akina mama wapatanishi na mkuu wa kijiji.

Programu ilikuwa imezeeka na ilizimika mara kwa mara. Ndipo tukaalikwa Nairobi kwa majuma matatu, tufanye kazi pamoja na watengenezaji wa programu kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Nairobi ni mji wenye historia katika kazi ya namna hii. Programu ya Ushahidi ilitengenezwa kwa ajili ya Kenya mwezi Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walituma habari za mambo waliyoyaona, kwa simu au kwa intaneti, na habari hizo zikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo iliachwa wazi ili mtu yeyote aweze kuitumia na kuirekebisha, na kabla ya mwaka 2008 kwisha ilikuwa imekwisha kutumika kukusanya habari za mashariki ya Kongo.

Wanne kati yetu walisafiri. Wawili walibaki: dada yetu aliyesoma kila ujumbe ulioingia na kuwapigia simu wajumbe, na kijana aliyetunza jenereta na simu za ofisi.

Tuliyojifunza Nairobi

Tulijifunza mengi. Tulijifunza kujaribu programu kabla ya kuiwasha, na kuandika maelezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata. Tulijifunza pia kutumia Git, chombo kilichotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kinachowawezesha watu wengi kuandika programu moja bila kufuta kazi ya wenzao.

Kuna jambo moja la Git ambalo lilitupendeza sisi watu wa kazi ya amani. Watu wawili wakibadilisha mstari uleule, kila mmoja kwa namna yake, na chombo kikashindwa kuunganisha, hakichagui mshindi. Kinasimama. Kinaweka maandishi ya wote wawili, moja juu na jingine chini, na kinangoja watu waamue. Tulisema: tazameni, hata mashine inajua kwamba ugomvi haumalizwi kwa kufuta neno la mmoja. Tuliahidi kulieleza jambo hilo kwa kamati zetu. Hatukujua kwamba sisi wenyewe ndio tutakaoshindwa mtihani huo kwanza.

Pamoja na wenzetu tuliandika upya sehemu ya kupokea ujumbe. Tukaikodia seva mpya. Kwa kuwa tulikuwa Nairobi na kompyuta zetu zote zilionyesha saa ya Nairobi, tukaiwekea seva saa hiyo hiyo. Lilikuwa jambo la dakika moja, na hakuna aliyeliandika katika daftari.

Jioni ya mwisho, mwenzetu mmoja mwenyeji wa Mombasa alituaga kwa methali ya kwao pwani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alitueleza kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ambapo maji yanayovuja hukusanyika na mabaharia huyakumba. Mtu azunguke chombo chote apendavyo, mwisho atarudi chini kwenye maji. Tulicheka, tukaiandika.

Njia ya kurudi

Tulipanda ndege mpaka Kigali. Tulipotua, simu zetu zilijirudisha zenyewe saa moja nyuma, kwa sababu Kigali na Bukavu zina saa ileile, na Nairobi iko mbele kwa saa moja. Simu zilifanya hivyo bila kuambiwa. Seva haikufanya.

Kutoka Kigali tulipanda basi, tukapita msitu wa Nyungwe mpaka Kamembe. Mwenzetu mmoja Mnyarwanda, aliyekuwa nasi Nairobi majuma yote matatu, alisafiri pamoja nasi kwa sababu Kamembe ni kwao. Mmoja wetu alikuwa na homa, naye akambebea mfuko mpaka karibu na daraja la Ruzizi. Tukaagana, tukavuka kwa miguu. Mpakani walitutaka tufungue kompyuta moja, wakaitazama kwa muda, wakaifunga. Tulishukuru, hatukuwaza zaidi. Baadaye tulitambua kwamba ndani ya kompyuta nyingine, ambayo haikufunguliwa, kulikuwa na orodha ya majina na namba za simu za wajumbe wa vijiji. Hakukuwa na sababu yoyote ya kusafiri nayo.

Usiku ule tulikula bugali, sombe na sambaza za ziwa. Watoto walikuwa wamerefuka. Hakuna kati yetu aliyetaka kusikia neno la kazi.

Siku za kwanza nyumbani

Kesho yake tuliitisha mkutano wa kikundi. Kwa muda wa saa mbili tuliwaonyesha wenzetu wawili picha za Nairobi, programu mpya na mipango mipya. Tukawapa zawadi, kila mmoja fulana moja. Wakashukuru. Hatukuwauliza: ninyi mlikuwaje?

Kama tungeuliza, tungejua mapema kwamba umeme ulikatika mara nyingi, na kwamba kijana wetu alilala ofisini usiku tisa ili jenereta isizimike. Tungejua kwamba mafuta ya siku nne aliyanunua kwa pesa zake. Tungejua kwamba dada yetu, akiogopa kupoteza ujumbe, alifungua daftari na kuandika kwa mkono kila ujumbe ulioingia kwenye simu ya ofisi, pamoja na saa yake. Sisi wanne tulilipwa posho ya kila siku ya safari. Wao hawakupata kitu, na walijua kwamba sisi tulipata.

Tulipokuwa tukila mchana, dada yetu alisema kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu, saa za programu mpya hazifanani na za daftari langu."

Tulimjibu tukicheka: "Mama, labda ni saa yako ya ukutani inayochelewa. Programu hii imeangaliwa na watu kumi na wawili."

Akanyamaza. Hakulisema tena.

Yaliyotokea siku ya tisa

Siku ya tisa baada ya kurudi kwetu, kulitokea fujo katika kijiji kimoja cha uwanda. Ng'ombe wa familia moja waliingia katika shamba la muhogo jioni. Vijana wa upande wa wakulima walikusanyika, na wachungaji nao wakaitana. Mjumbe wa kamati wa upande wa wafugaji, mzee mwenye umri wa kutosha, alituma ujumbe wa kuonya. Lakini wapatanishi walikuwa mbali. Karibu na saa mbili usiku watu walipigana kwa fimbo, na kijana mmoja akavunjika mkono.

Kesho yake kamati iliomba karatasi yetu ya ujumbe, kama ilivyokuwa desturi. Karatasi ilionyesha kwamba onyo la mzee lilifika saa mbili na nusu usiku, nusu saa baada ya mapigano.

Maneno yakaanza. Watu walisema kwamba mzee alingoja mpaka watu wake wapige, ndipo akaandika ili ajitakase. Wengine walitaka aondolewe kwenye kamati siku ileile. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema ng'ombe wa jamaa yake wasinyweshwe tena kwenye kivuko cha kijiji. Katika kiangazi, kunyimwa maji ni jambo linaloweza kuleta damu. Mzee aliapa kwamba alituma mapema, saa moja na nusu. Alionyesha simu yake. Wakamwambia mtu anaweza kuigeuza saa ya simu yake apendavyo.

Habari hizo zilipofika ofisini, dada yetu hakusema neno. Alikwenda kwenye meza yake, akaleta daftari, akaliweka mbele yetu na kutuonyesha mstari kwa kidole. Alikuwa ameandika: saa moja na dakika thelathini na mbili, jioni, pamoja na jina la kijiji na maneno ya ujumbe.

Tulifungua seva. Tulilinganisha kila ujumbe wa siku zile na daftari. Kila mmoja ulikuwa umesogezwa mbele kwa saa moja kamili. Mzee alikuwa amesema kweli. Dada yetu alikuwa amesema kweli. Waliokosea ni sisi.

Kwenye baraza

Kurekebisha seva kulichukua dakika chache. Kurekebisha neno lililokwisha kusemwa juu ya mtu si kazi ya dakika. Tulimpigia mzee simu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, tukamwomba msamaha. Kisha tukaomba nafasi kwenye baraza la kijiji, tukaenda wote sita.

Tulichukua saa mbili za mkononi, moja tukaiweka kwenye saa ya Nairobi, nyingine kwenye saa ya Bukavu, tukazipitisha kwa watu wazishike. Tukaeleza kwamba jua linachomoza mapema zaidi upande wa mashariki, na kwa hiyo nchi hazina saa moja. Tukaeleza kwamba tuliipa mashine saa ya mahali tulipokuwa, hatukuibadilisha tuliporudi.

Mzee mmoja wa upande wa wakulima aligeuza zile saa mkononi mwake, akauliza: "Kwa hiyo ninyi mlirudi, lakini saa yenu ilibaki kule?"

Tukajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akasimama kijana, akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo. Alisema kwamba tuliwaahidi ujumbe wao utakaa salama, na sasa wanasikia una saa ya nchi nyingine. Tena watu walituona karibu na daraja na Mnyarwanda aliyebeba mfuko wetu. Akauliza: "Ujumbe wetu mmempa nani?"

Swali hilo lilituumiza, lakini lilikuwa la haki. Tulieleza seva iko wapi na ni watu wangapi wanaoweza kuifungua. Tulisema kwamba yule ni mwenzetu wa kazi, kwamba alimsaidia mgonjwa, na kwamba ujumbe wa vijiji hakupewa. Hatukumkana. Si wote waliotuamini siku ile.

Mzee alisafishwa jina mbele ya watu. Hata hivyo hakurudi kwenye kamati mara moja; alisema moyo wake umechoka, akarudi baada ya miezi miwili. Familia mbili zilisaidiana kumtibisha kijana aliyevunjika mkono, na mwenye ng'ombe alilipa muhogo ulioharibiwa. Kivuko hakikufungwa. Lakini iko familia moja ambayo tangu siku ile, kila tulipoleta karatasi, iliuliza kwanza: "Hii ni saa ya wapi?" Hatuchukii. Wanatukumbusha.

Mafundisho tuliyoyapata

1. Aliyebaki ana habari ambayo msafiri hana. Dada yetu alikuwa ndiye mtu pekee kati yetu aliyeijua ile kazi siku kwa siku katika majuma yale matatu. Sisi tulikuja na maarifa mapya, lakini hatukuwa na habari mpya. Tulijua kwamba maneno mawili yanayopingana yanapaswa kuwekwa bega kwa bega na kuchunguzwa. Tulilisifu jambo hilo kwenye kompyuta, kisha tukalifuta neno la dada yetu kwa kicheko.

2. Kosa dogo la msafiri linaweza kulipwa na mtu wa mbali. Tuliokosea tulikuwa ofisini. Aliyeitwa mwongo alikuwa mzee kijijini, ambaye hakuwahi kuona kompyuta yetu.

3. Saa ni habari, na inahitaji anwani. Kwa wale wanaofanya kazi kama yetu: hifadhini saa ya kila ujumbe kwa saa ya dunia, inayoitwa UTC, kisha mwonyesheni msomaji saa ya mahali pake na kuandika jina la mahali hapo. Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko mbele ya UTC kwa saa mbili, Nairobi kwa saa tatu, Kinshasa kwa saa moja. Uingereza husogeza saa zake mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma mwezi Oktoba; Kongo haifanyi hivyo. Hifadhini saa mbili: ile ambayo mtandao wa simu unasema ujumbe ulitumwa, na ile ambayo kompyuta yenu iliupokea. Sisi tulihifadhi ya pili peke yake. Wale wanaotumia saa za Kiswahili na saa za Kifaransa pamoja wawe waangalifu pia: saa mbili usiku iandikwe 20:00 kwenye karatasi, ili mtu asiisome kama saa nane.

4. Posho inasema kabla ya mdomo. Si vibaya msafiri kulipwa. Anakula ugenini na familia yake inabaki bila yeye. Lakini aliyebaki anafanya kazi ya watu wawili au watatu. Sasa tunaandika katika bajeti ya kila safari fungu la waliobaki: mafuta, vocha za simu, na siku za kupumzika baada ya wasafiri kurudi. Kama pesa ni kidogo, tunafupisha safari.

5. Urafiki wa ng'ambo usifichwe, na majina yasibebwe. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, kutembea na mtu wa upande mwingine wa mpaka kunaweza kukuletea maneno. Dawa si kumkwepa mwenzako barabarani. Dawa ni kuwaeleza watu wako mapema: tutafanya kazi na fulani, kutoka mahali fulani, kwa jambo fulani, na vitu hivi hatampewa. Na kamwe usivuke mpaka na majina ya watu waliokuamini. Yaache nyumbani mahali palipofungwa, au usiyaandike pamoja na habari walizotoa.

Hatua za kurudi vizuri

Tangu mwaka ule tunafuata hatua hizi. Zichukueni, mzibadilishe kadiri ya hali yenu.

Kabla ya kuondoka: Kaeni pamoja, wanaokwenda na wanaobaki. Waliobaki wataje mambo matatu wanayotaka yaletwe. Wapangeni nani ataamua jambo la haraka wasafiri wakiwa mbali, na muwape pesa za kazi mkononi.

Mkiwa ugenini: Pigeni simu kwa siku zilizopangwa, na mwanze kwa kuuliza, si kwa kusimulia. Andikeni kila mabadiliko mnayofanya, hata yale ya dakika moja.

Njiani: Pumzikeni kama inawezekana. Mtu aliyechoka anasikia vibaya. Futeni kwenye kompyuta na simu kila kitu ambacho hakikupaswa kusafiri.

Siku ya kwanza: Nendeni kwa familia. Msianze kazi.

Siku ya pili: Mkutano wa kwanza ni wa waliobaki. Wasafiri wanakaa na kalamu, wanaandika, wanauliza, hawajibu. Habari za safari zitangoja siku ya tatu.

Juma la kwanza: Msizime njia ya zamani. Acheni daftari na programu mpya viende pamoja kwa siku kumi na nne, na kila jioni mtu mmoja avilinganishe. Vikitofautiana, simameni mpaka mjue sababu.

Baada ya mwezi: Wapelekeeni watu wa vijijini taarifa fupi: tulikwenda wapi, na nani, tulipata nini, tulitumia kiasi gani, na ni nini kimebadilika katika kazi yao.

Zoezi kwa kikundi

Chagueni watu wawili watoke nje kwa dakika ishirini, wakiwa wamepewa kazi ya kuandaa mpango wa kikundi. Waliobaki ndani wabadilishe jambo moja muhimu: siku ya mkutano, au mahali, au mtu wa kutunza sanduku la pesa. Waliotoka wakirudi, waeleze mpango wao mara moja bila kuuliza lolote. Tazameni mpango unagongana wapi na mabadiliko ya ndani. Kisha rudieni zoezi, lakini mara hii wanaorudi waulize maswali matano kabla ya kueleza. Zungumzeni juu ya tofauti mliyoiona. Ulizeni pia waliokuwa ndani walijisikiaje mara ya kwanza.

Maswali ya kujadili

Mara ya mwisho mtu wa kikundi chenu aliporudi kutoka safari, ni nani aliyesema kwanza, na kwa muda gani?

Katika kikundi chenu, ni nani anayeandika "daftari", yaani anayejua mambo ya kila siku bila kuwa na cheo? Neno lake lina uzito gani mkutanoni?

Je, mmewahi kumlaumu mtu kwa sababu ya karatasi au mashine, kisha mkagundua kwamba karatasi ndiyo ilikosea? Mlimrudishia jina lake kwa njia gani, faraghani au mbele ya watu?

Ni mambo gani ambayo watu wa kijiji chenu wana haki ya kuyajua juu ya safari zenu? Ni yapi yanayopaswa kubaki siri ili kuwalinda?

Kumalizia

Njia tuliyoipita mwaka 2019 si mwongozo wa njia ya leo. Mwaka 2025 vita vilifika ndani ya Goma mwezi Januari na ndani ya Bukavu mwezi Februari. Wengi waliokuwa safarini hawakuweza kurudi kwa siku waliyopanga, na wengine walirudi wakakuta jirani hayupo tena. Katika nyakati kama hizo anayerudi anahitaji kuuliza zaidi kuliko siku zote, tena kwa upole, kwa maana waliobaki wameona mambo ambayo hawawezi kuyasema siku ya kwanza.

Dada yetu bado ana lile daftari. Siku hizi, mmoja wetu anaporudi kutoka safari, tunaliweka mezani kabla ya chakula, naye anasoma kwa sauti yaliyotokea tangu siku ya kuondoka. Hakuna anayemkatiza. Akimaliza, anatazama saa ya ukutani, anataja ni saa ngapi Bukavu, na ndipo msafiri anaanza kusimulia.